Kitanda cha Mtoto wa Eufrasia

…na bado ananitazama, huyu fundi Machage, penseli sikioni, maranda kwenye nyusi, "Mama, upande huu niuzibe au niuache wazi?" kana kwamba nimekuja kuchagua kigoda cha jikoni, na mimi nimesimama katikati ya karakana yake nimekumbatia pochi kifuani, mimi Pelagia niliyetoka Bweri asubuhi hii na jibu langu tayari, kitanda cha fito pande zote nne, kikae chumbani kwangu, mjukuu alale kwangu, kwisha, hakuna wa kunibishia, mwanangu Masatu mwenyewe amesema mama wewe ndiye unayejua mambo ya watoto, nenda kachague, akapanda baiskeli akaenda zake kiwandani, wanaume bwana, jambo likiwa zito ndipo wanakumbuka kazi, na mke wake Eufrasia alikuwa amekaa kitandani mgongo ukutani na kale katoto ka siku tano mapajani, siku tano hajalaza ubavu, anasinzia hivyohivyo amekaa, kichwa kinamwanguka, anashtuka, anapeleka kidole puani kwa mtoto asikie kama pumzi ipo, ipo, anashusha pumzi na yeye, halafu anaanza upya, na nesi alimwambia wazi, mama usipolala maziwa hayatatoka, na kweli hayatoki, mtoto ananyonya analia, ananyonya analia, mpaka kisauti kimekwaruza, na mimi najua ni kwa nini Eufrasia halali, nyumba nzima inajua, hakuna anayesema…

"Hii ya kuziba pande zote ndiyo watu wanachukuaga," anasema Machage, anakipiga kitanda kofi kama anamsifia ng'ombe mnadani, "lakini hii nyingine niliionaga kwa masista nikaiiga, upande mmoja haina fito, unaisogeza unaibana na kitanda ya mama, mama yuko pale, mtoto yuko hapa, hawalaliani, ila akinyoosha mkono amemfikia," hawalaliani, amelitamka hilo neno kama mtu anayetaja chumvi, angejua limenichoma wapi asingelisema, na kitanda chenyewe ni kizuri, siwezi kudanganya, mninga mtupu, kimepigwa msasa mpaka kinateleza, miaka ile ningetoa wapi mninga, miaka ile hata sabuni tulipanga foleni, kipande kimoja watu watatu, leo maduka ya mjini yamejaa, magodoro ya sponji yamesimamishwa nje barabarani, vyandarua, sabuni za kunukia, ukiwa nacho unachukua, ruksa, nimepita nikishikashika kama mtoto, nikasema moyoni vitu vyote vimerudi, na nikasikia uchungu papo hapo katikati ya duka la watu, maana si vyote… "Sasa mama, nipe urefu ya mtoto," anasema, na futi ameshaivuta, inalialia kwenye kidole chake, "mtoto yupo kiasi gani?" nikamkata jicho, jicho la kumkausha, nikamwambia "Wee fundi, kwenu mnapimaga mtoto mzima?" akaiachia futi ikarudi yenyewe, "Samahani mama, samahani, hata kwetu hapana, hatupimi," na akatazama chini, maana anajua, fundi mbao yeyote wa Mara anajua, mtoto aliye hai hapimwi kwa kamba wala kwa futi, wala hanunuliwi kitu kabla hajatoka tumboni, ndiyo maana niko hapa siku ya tano na si mwezi uliopita, anayepimwa ni yule ambaye hatakua tena, na mimi nilishapima mmoja.

Nyamhanga, nilimpima kwa kamba ya katani, uwanjani kwangu Buswahili, kabla hatujahamia Bweri, mwaka wa themanini na tatu, miezi minne alikuwa nayo, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni, mtoto wa kwanza wa Eufrasia, Masatu alikuwa mjini kazini, mkewe alikaa kwangu kijijini kama desturi, na mbao za jeneza hazikupatikana, wala misumari haikupatikana, tuling'oa mlango wa banda la mbuzi, na misumari yake tukainyoosha juu ya jiwe, ko ko ko, kila pigo nilikuwa nalisikia kwenye meno, na asubuhi hiyohiyo, kabla ya kamba, kabla ya misumari, ndipo nilipolisema… nilisikia yowe, nikakimbilia chumbani kwake, nikamkuta amepiga magoti kitandani amemshika mtoto ameshapoa, na alama ya mkono wa mama ilikuwa bado ubavuni kwa mtoto, mahali alipokuwa amemkumbatia, na Penina wa nyumba ya pili alikuwa ameshaingia, na wengine nyuma yake, wote wananitazama mimi mwenye mji niseme imekuwaje, nami nikasema, "Umemlalia." Neno moja tu. Eufrasia hakubisha, hapo ndipo ubaya ulipo, angebisha tungegombana yakaisha, msichana wa miaka kumi na tisa, alinitazama akaniamini, mimi mama mkwe wake mjuzi wa watoto, akautazama mkono wake ule kama si wake, na miaka sita hakupata mimba, na kila mtoto wa jirani akipewa abebe anasema nina mafua, ana mafua mwaka mzima, mimi nikisikia nageuza uso, najifanya nachochea moto…

"Kama unaogopa mtoto ataanguka," anasema Machage, anadhani nawaza mambo ya ufundi, maskini, "hii ya wazi haianguki, naifunga na kulabu mbili chini ya kitanda ya mama, inakuwa kitu kimoja," na mimi naitikia kwa kichwa, mhm, mhm, naona midomo yake inakwenda lakini ninayemsikia ni mama mkwe wangu mimi, Wegesa, marehemu, mwanamke mfupi, mkali, aliyenuka ugoro na maziwa, alinitesa kwa mengi, sitamsifia uongo, alinikagua mpaka masizi ya sufuria, lakini asubuhi niliyoamka nikamkuta Ngolo wangu amepoa kwenye titi, binti yangu wa kwanza kabla ya Masatu, wiki tatu tu, na mimi nilikuwa nimelala usingizi mzito wa mtu aliyeshinda analima pamba, nakumbuka uzito wa usingizi ule, nakumbuka shavu lake lilivyokuwa limebonyea, najua nilichokijua na sijamwambia mtu mpaka leo, wala padri, Wegesa aliingia, akatazama mara moja, akamchukua mtoto mikononi mwangu taratibu, akatoka naye mlangoni kwa watu, na nikamsikia anasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mtoto alikuwa na homa. Tangu juzi. Nilimgusa mwenyewe." Hakukuwa na homa. Alisema mara moja, hakulirudia, wala hakunitazama kama mtu anayenidai, na mwezi mzima akalala nyumbani kwangu, mgongo wake umegusa mgongo wangu, akikoroma, asubuhi ananikagua masufuria kama kawaida, hata asante hakunipa nafasi ya kusema, na sikuwahi kusema, akafa… na nilipopata Masatu alimweka yeye mwenyewe kwapani kwangu, akasema lala naye, mtoto analala na mama yake, utamweka wapi, kwa kuku?

Sasa mimi nilifanyiwa hivyo, nikaenda nikafanya nini? Nawaza haya nimeshika ukingo wa kitanda cha watu na vumbi la mbao linaniingia puani, nasema ni vumbi, siyo vumbi, maana kuna lile lingine, ambalo nimelizunguka miaka sita kama mtu anayezunguka shimo la choo… Nyamhanga alikuwa na homa. Yeye kweli alikuwa nayo. Jioni yake, jua halijazama, Eufrasia alikuja jikoni na mtoto begani, akasema, "Mama, mtoto anachemka, twende naye Butiama hospitali," nikaweka mkono shingoni kwa mtoto, nikauondoa haraka, alikuwa anachemka kama mawe ya jikoni, na nikasema hapana, tusubiri kuche, basi halipo, dizeli hakuna wilaya nzima, mvua inakuja, utakwenda na nini, na yote hayo yalikuwa kweli, lakini baiskeli ya Makongoro ilikuwepo, imeegemezwa ukutani kwake naiona kutoka pale jikoni, na Makongoro nilikuwa nimegombana naye mambo ya ng'ombe walioingia kwenye mihogo yangu, sikutaka kumwomba, ni hivyo tu, Pelagia hakutaka kumpigia mtu magoti, kuche basi, nikasema, mpe maji, mkumbatie… mimi ndiye niliyemwambia amkumbatie. Ee Mungu wangu. Kwa hiyo asubuhi walipoingia wakina Penina wakanitazama, niliogopa, niliogopa Eufrasia atafungua mdomo aseme nilimwambia mama twende, basi nikamwahi, neno likanitoka kabla yake, na likamkaa vizuri sana, likamkaa miaka sita, mpaka leo amekaa nalo ukutani kwangu Bweri na maziwa hayatoki, na mimi, mkombozi, nimekuja mjini kuchongesha kitanda cha kumnyang'anya mtoto wake kwa wema.

"Mama, unaumwa? Nikupe stuli ukae?" na namwambia hapana fundi, niko sawa, ni joto, naye anafuta stuli kwa koti lake la kazi hata hivyo, kijana ana adabu, anaisogeza, sikai, nikikaa nitalia na sitaki kulia kwa Machage, nitalia kunakostahili… na niking'ang'ania hiki cha pande nne, nakiona kabisa, nakiona kiko chumbani kwangu na mtoto ndani ya fito zake, na Eufrasia akija usiku kunyonyesha anabisha hodi kwangu, anaomba mtoto wake kama anaazima ungo, na atanishukuru, hilo ndilo linaloniua, atasema asante mama, umeniokoa, na atalala vizuri kweli kwa kuwa ataamini mimi ndiye salama na yeye ndiye hatari, na mtoto atakua, atajua tangu mdogo kwamba mama yake si mtu wa kulala naye karibu, na mimi nitakufa nikiitwa bibi mwema. Hapana. Hapana, Pelagia. Nampenda yule msichana, sijui nilianza lini, labda mwaka wa tatu wa yale mafua yake, nampenda na ninamwogopa, na sijawahi kumwambia la kwanza wala la pili.

"Uache wazi," nasema, na sauti inatoka kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka Machage anashtuka, "upande wa mama uache wazi kabisa," naye anacheka kwa raha ya fundi aliyesikilizwa, "Sawa mama, umechagua vizuri, sasa mtoto hatumpimi, ila kitanda ya mama yake lazima nijue, kutoka chini mpaka juu ya godoro ni kiasi gani, ikipishana hata vidole viwili haifai, inatakiwa vikae sawasawa," na anasubiri, penseli ameitoa sikioni, na mimi nafungua mdomo nimjibu, mimi ninayejua masufuria yao mangapi na mashuka yao mangapi, na siku tano zote nimesimama mlangoni, uji naupokeza kwa kunyoosha mkono, nauliza amenyonya, naondoka, hata Buswahili ile miaka yote, baada ya asubuhi ile sikuwahi kukaa kwenye kitanda chake, hata mara moja, wala yeye hakuwahi kuniambia karibu ukae mama, "Sijui," namwambia fundi, "sijui, ngoja niende nikakae nipime," anacheka, anadhani natania, anasema haya mama, mimi nipo mpaka jioni, na bado nimesimama hapahapa, pochi kifuani, maranda miguuni, lakini moyoni nilishafika, nimesukuma mlango, nasema sogea kidogo, nakaa juu ya lile godoro lake, naushika ule mkono, huo wenyewe, namwambia alikuwa na homa, Eufrasia, nilimgusa, ulisema twende, mimi ndiye niliyekataa.