Viwavi Ukutani na Godoro la Mzazi

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Kumekucha anga jeupe, jua limetoka bila haya, na upepo ni wa kutikisa nguo kambani tu.

Fundi wa magodoro alikuwa amepiga magoti tangu alfajiri. "Mungu wangu," aliomba, "nipe jua la leo tu. La kesho nitaliomba kesho."

Jioni hiyo wifi yake angetoka hospitali na kichanga chake cha kwanza, aje kutunzwa hapo kwa mama yake, mama mkwe wa fundi, na godoro la kumlaza lilikuwa bado halijawa godoro. Lilikuwa sufi tu, imetolewa kwenye godoro kuukuu, ina unyevu na mabonge. Sufi isipokauka hushika uvundo, na uvundo na kifua cha mtoto mchanga havilali chumba kimoja.

Alitandaza turubai uani, akamwaga sufi, akaichambua kwa vidole na kuipiga kwa fimbo mpaka nyusi zake zikawa nyeupe kama za bibi kizee. Hapo mama mkwe wake akatoka jikoni, akautazama ukuta, akashika kiuno.

"Mkwe wangu, anua haraka!"

"Kuna nini, mama?"

"Huoni viwavi? Wanapanda ukuta kama wamesikia polisi. Kiwavi akihama chini, mvua iko njiani. Bibi yangu aliwatazama hao hao, na hakuwahi kulowa maisha yake yote."

"Lakini mama, dalili ya mvua ni mawingu, na leo halipo hata la kufutia kamasi."

"Mawingu ni ya wanaochelewa. Mwenye macho huona viwavi kwanza. Ikilowa utamlaza mwanangu juu ya uji?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na fundi aliyahitaji magoti yake kwa sala. Akaishindilia sufi kwenye magunia. Wakakaa mlangoni, wawili na magunia yao, wakingoja mvua. Jua likawaka. Kuku akajinyoosha uani, akaoga vumbi.

"Inajikusanya," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, mama."

Jua likapanda utosini. Fundi akaona saa zake zinayeyuka. Akainuka, akaenda kuwatazama hao watabiri kwa karibu. Chini ya ukuta, kichaka cha maua walichokuwa wakikila kilisimama ndani ya dimbwi. Dimbwi lilikuwa na povu.

"Mama," aliuliza taratibu, "ulipofua nguo za mtoto asubuhi, maji uliyamwaga wapi?"

Mama mkwe akanyoosha kidole. "Si hapo hapo kwenye maua?"

"Basi mvua imeshanyesha, mama. Imewanyeshea wao tu."

Mama mkwe alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe mvua yenyewe ni mimi! Mimi na beseni langu!"

Walirudisha sufi juani mbiombio, na safari hii fimbo aliishika mama mkwe mwenyewe. Fundi akashukuru kimoyomoyo. Mungu alikuwa amejibu tangu asubuhi. Wao ndio waliolitia jibu guniani.

Jua lilipoanza kulegea, sufi ilikuwa imekauka na kuumuka. Wakaijaza, fundi akashona mdomo wa godoro kwa sindano ndefu, na kabla hajakata uzi mumewe akaingia na begi mkononi, nyuma yake wifi na kichanga.

Wifi akajilaza. "Jamani wifi! Hili godoro limeota jua mpaka ndani!"

Fundi akatabasamu tu. Aibu ya mkubwa haianikwi. Lakini mama mkwe aliianika mwenyewe, yote, na povu lake, mpaka mzazi akamwomba amwonee huruma, tumbo linauma kwa kucheka.

Kisha bibi mpya akampakata mjukuu, akainua mkono wa kulia.

"Nisikieni nyote, na huyu mdogo awe shahidi. Kuanzia leo, sitatangaza mvua kabla sijakagua beseni langu. Na wale viwavi mtu asiwaguse, mpaka waote mabawa."