Mahali pa Kumlaza Abel

Mzee Zephaniah, mwinjilisti wa Kilutheri kule Kanyigo, hakufurahi hata kidogo binti yake Winifrida alipompa habari kutoka London, mwaka 1991, kwamba kapata mchumba na mchumba mwenyewe ni Mfaransa. Alinuna miezi kadhaa. Kilichomlainisha si sura ya kijana wala kazi yake ya ualimu, bali kusikia kwamba ukoo wa huyo Abel ni Waprotestanti tangu enzi ambazo kwao mtu alifungwa kwa kukutwa na Biblia. "Mzungu ni mzungu," alisema, "lakini huyu walau babu zake waliteswa kwa jambo la maana." Ndoa ikafungwa.

Nyumba ya ukoo ilikuwa kwenye milima ya kusini mwa Ufaransa, nyumba kubwa ya mawe, kongwe, paa linavuja na madirisha yanalia kwa upepo. Kila Agosti walikwenda wote: Abel, Winifrida, na baadaye binti yao Angel, Valeria dada yake Abel, na Margaret mama yao, Mwingereza aliyeolewa kule akiwa msichana, akarudi London mumewe alipofariki. Kabla ya chakula walisimama wakaimba zaburi, bila kinanda, kwa mwendo wa kuburuta hadi mchuzi ukapoa. Ukutani hapakuwa na msalaba wala picha ya mtakatifu. Nyuma ya tanuri la mkate palikuwa na tundu ambamo bibi mmoja wa zamani alificha Biblia askari wa mfalme walipopita, na kila mgeni alionyeshwa tundu hilo, atake asitake. Winifrida alionyeshwa kila mwaka.

Lakini kilichomshika moyo ni bustani. Chini ya miberoshi, ile miti mirefu myembamba inayotajwa kwenye Biblia, walilala wafu wa ukoo. Zamani makaburi ya mji yalikuwa ya Wakatoliki, na Mprotestanti hapokelewi. Kwa hiyo watu walizika nyumbani, bila jiwe wala jina, wakapanda mti. Marufuku ilipoondoka, desturi ilibaki. Winifrida alipoona hayo mara ya kwanza alikaa kwenye nyasi akacheka kwa furaha. Kumbe hawa nao ni watu! Kwao Uhayani pia mtu huzikwa kibanjani, katikati ya migomba yake, na kibanja chenye kaburi hakiuzwi. Anayethubutu kukiuza, ukoo mzima humgeuzia mgongo. Basi, bila kumuuliza mtu yeyote, akajihakikishia moyoni kwamba nyumba ile haiuziki. Walipopata akiba, yeye ndiye aliyemsukuma Abel waitie kwenye paa la kule, badala ya kununua flat ya council, yaani ya halmashauri, waliyokuwa wakipanga pale Thornton Heath, London.

"Hapa tunapita tu," alimwambia. "Kule ndiko kwao mtoto."

Abel alikufa Februari 2004, kwa kansa, na umri wake hata hamsini haujafika. Alikuwa amemwambia mkewe, akiwa na akili zake timamu, tena zaidi ya mara moja: anataka kulala kwao, chini ya miberoshi, kando ya baba yake.

Siku ya tatu ya msiba, watu wa kanisani walipoondoka, sebuleni walibaki wanafamilia. Margaret alikaa kiti cha dirishani, mikono mapajani. Valeria alisimama, koti hakuvua. Evodius, mdogo wake Winifrida, alikuwa ametoka kwake Thamesmead, upande mwingine wa London, na sufuria ya ndizi aliyoifunga kwa taulo ili isipoe. Angel, ambaye alikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi, alikaa sakafuni, miguuni pa bibi yake.

Valeria hakuzunguka. Nyumba ya kule imepata mnunuzi. Alikuwa anangoja Abel apate nafuu ndipo aseme, na nafuu haikuja. Sasa kaburi bichi bustanini litamkimbiza mnunuzi huyo, kwa hiyo Abel azikwe hapa hapa London.

"Inauzwaje," Winifrida aliuliza, "na wazee wako wamelala mle?"

"Watu huuza, Winifrida. Nusu ni yangu, na hakuna anayeweza kunilazimisha kukaa na nusu ya nyumba. Nusu ya Abel mtalipwa, hata senti haitapotea. Lakini mimi nimechoka kuzitunza kuta zile peke yangu."

Hakuwa anasema uongo. Paa walitengeneza akina Abel, lakini kuta, mabomba na kodi za kule vilikuwa juu yake, na alikuwa mtu wa ofisini tu, si tajiri.

Evodius akamwinamia dada yake, akamnong'oneza kwa Kiswahili, mnong'ono wa kusikika hadi jikoni. "Dada, wala usibishane naye. Mpeleke shemeji akazikwe kule, tena haraka. Akishalala kule, nani atauza? Kaburi ni komeo. Wewe na mtoto mtakuwa na kwenu."

Sasa Evodius, pamoja na ujanja wake wote, alisahau jambo ambalo kila mzazi wa London anapaswa kulijua. Hawa watoto waliozaliwa huku hujibu kwa Kiingereza, basi sisi tunajidanganya kuwa hawasikii. Angel aliinua kichwa, akamwambia shangazi yake kwa Kiingereza kilichonyooka: "Mjomba anasema Baba akizikwa kule hutaweza kuuza. Baba atakuwa komeo."

Evodius akaanza kuifungua taulo ya sufuria, ambayo hakuna aliyemwomba aifungue.

"Ndivyo unavyotaka?" Valeria alimuuliza wifi yake. "Umfanye kaka yangu komeo la mlango?"

Winifrida angeweza kukana. Ukweli ni kwamba wazo lile lilikuwa lake kabla halijawa la Evodius. Alikuwa nalo tangu hospitali, amemshika Abel mkono huku akiwaza paa. Aliona aibu, aibu ya kuunguza uso.

"Ndiyo," alisema. "Na mwenyewe pia alitaka. Yote mawili ni kweli."

Margaret ndiye aliyesema baada ya hapo, taratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda stesheni. "Hata hivyo isingesaidia, mwanangu. Nilielezwa mume wangu alipokufa. Sheria ya kule inayajua makaburi ya nyumbani. Nyumba inauzwa, makaburi yanabaki, na jamaa za marehemu wana haki ya kupita kwenda kuyaona, siku zote. Ni hiyo tu. Njia ya kupita. Na mimi mti wangu nimeonyeshwa tangu nilipoolewa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nautaka. Mama yangu mimi amelala hapa karibu, Croydon."

Njia ya kupita! Winifrida alijiona amesimama kwenye geti la mtu, mbwa wanabweka, anaomba ruhusa ya kumwona mumewe. Kwao, mtu kuachwa alale kwenye kibanja cha mgeni ni msiba juu ya msiba. Hata adui humwombei. Hasira ilimpanda: hasira na nyumba ile, hasira na Abel aliyemwacha aamini miaka yote, na zaidi ya yote hasira na nafsi yake, maana hakuwahi kuuliza. Aliona miti na makaburi, akajaza mengine yote kwa mambo ya kwao.

Akamgeukia bintiye. "Angel. Wewe unataka baba yako alale wapi?"

Evodius alikohoa. Kwa desturi zao mtoto haulizwi swali kama hilo.

Angel hakufikiri sana. "Mahali ambapo basi linafika," alisema, kwa Kiingereza.

Winifrida alifuta uso kwa khanga. "Atazikwa hapa," akasema.

Hapo Valeria, aliyepata alichokuja kukitafuta, akaketi na koti lake akalia kwa sauti. "Atakuwa wa kwanza kati yetu kutolala kule," alisema. "Wa kwanza tangu enzi za wale wafalme."

"Na anayeuza ni wewe, wifi yangu," Winifrida alijibu, lakini bila ukali, akamwekea ndizi kwenye sahani. Valeria alizila zote.

Evodius hakuridhika. Alimfuata dada yake jikoni. "Umevunja neno la marehemu, dada."

"Nimelivunja. Nitamjibu mwenyewe tutakapoonana."

Walimzika Jumamosi, upande wa Croydon, mvua ikinyunya. Margaret na Valeria waliimba zaburi kwa Kifaransa, kwa mwendo ule ule wa kuburuta, kisha Walutheri wenzake Winifrida wakapokea kwa Kiswahili. Winifrida alipotupa udongo alisema kwa sauti, bila kujali nani anasikia: "Nisamehe, Abel. Wewe hukupata ulichoomba, na mimi sikupata nilichodhani ninacho." Kisha akalia kilio cha kwao, cha kutoka tumboni, mpaka wafanyakazi wa makaburini wakavua kofia.

Watu walipoanza kuelekea kwenye magari, Evodius alibaki nyuma. Huyu Evodius anajenga Kanyigo tangu alipofika Uingereza. Nyumba haijaezekwa, mafundi wanakula, na kila msibani hutangaza kwamba yeye atalala kwenye migomba ya baba yake. Watoto wake watatu wamezaliwa Thamesmead, na Kanyigo wamefika mara moja, wakaugua malaria wote. Alisimama akiangalia nyasi tupu kando ya kaburi jipya.

"Hapa pembeni ni pa nani?"

"Pangu," Winifrida alisema.

"Na panapofuata?"

"Mama mkwe ameshapaomba."

Evodius alikwangua matope ya kiatu chake kwenye ukingo wa njia. Akamtazama Angel aliyekuwa amesimama karibu, akahamia Kihaya, ambacho mtoto hakijui hata neno.

"Dada," alisema polepole, "hivi hapa nafasi mtu anaiomba kwa nani?"