Farasi Wetu Alivyokwenda Vitani

Wote tulijua. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi nikimwuliza mtu wa rika langu, anakuna kichwa: "Ah, Deodata, nani angejua?" Wewe ulijua. Mkeo alijua. Mtoto anayeanza kuchunga mbuzi huku Ngara anajua kwamba mnyama wa milimani, aliyezoea baridi, hapitishwi pori la Biharamulo mchana. Huko chini kuna mbung'o, na mbung'o hana siasa.

Kaka yangu Pancras alikuwa mtunza farasi wa misheni. Padri mzee alipoondoka kurudi kwao, alimwachia farasi jike mmoja, rangi ya tofali lililoiva, na Pancras akamwita Bihogo, jina tunalompa ng'ombe wa rangi hiyo. Watu walicheka. Farasi kuitwa kama ng'ombe! Wakacheka zaidi walipoona kila jioni anamwashia moto wa samadi kama wa zizini, ili moshi ufukuze inzi, huku akimsugua kwa majani makavu mpaka ngozi inang'aa. Kisha mtoto wa jirani yetu Renatus akaumwa na nyoka wakati wa masika, barabara imekatika. Pancras akampakata mtoto juu ya Bihogo, wakashuka mlima mbio mpaka zahanati. Mtoto akapona, na kicheko kikaisha.

Halafu kikaja kijiji cha ujamaa. Tulihamishwa, nyumba zikapangwa mstari mmoja kando ya barabara kama meno, na Gozbert, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko sisi sote, akawa Mwenyekiti. Ng'ombe wake walipotelea kwa shemeji zake, mlima wa pili. Farasi akatangazwa kuwa mali ya kijiji.

Nilisimama mkutanoni. "Ndugu Mwenyekiti, mbona ng'ombe hawakuwa wa kijiji?"

"Ng'ombe gani?" akasema Gozbert. "Wewe dada, umeona ng'ombe kwangu?"

Watu wakaangua kicheko. Ndivyo tulivyo: mtu akituibia kwa maneno mazuri, tunamcheka aliyeibiwa.

Tangu siku hiyo kila kiongozi alimpanda Bihogo. Wa nyumba kumi alimpanda, katibu alimpanda, shemeji wa katibu alimpanda akaanguka. Kukata majani ilikuwa kazi ya Pancras peke yake.

Vita ilipoanza, vijiji vyote vilichanga. Ndizi, maharage, mihogo, mbuzi. Tulichanga kwa moyo, asije mtu akasema vingine, maana watoto wetu walikuwa huko mstari wa mbele. Vijiji vya jirani vilitoa mafahali. Na sisi tulitazamiwa kutoa fahali. Sasa fahali angetoka kwa nani? Kwa huyo huyo asiye na ng'ombe.

Gozbert akasimama mbele ya mkutano, mikono nyuma. "Ndugu zangu, wengine wametoa mafahali. Fahali ni kitu gani? Sisi tutatoa kitu ambacho hakuna kijiji kilichotoa. Tutatoa farasi!"

Makofi. Mliopiga nawajua.

Pancras aliinuka taratibu, kofia mkononi. "Ndugu Mwenyekiti, sikatai. Ila pori lile lina mbung'o. Turuhusu tulipite jua likizama, mbung'o wakiwa wametulia, tukapumzike mjini Biharamulo."

"Usiku mgambo wanapiga risasi chochote kinachotembea. Hujui kuna vita?"

"Basi atoke fahali. Mimi nitatoa maharage yangu yote, hata ya mbegu."

Gozbert akamtazama, kisha akatutazama sisi. "Pancras. Unasema mchango usiende kwa askari wetu? Sema kwa sauti, wenye watoto vitani wasikie."

Kaka akakaa. Nilimgeukia Renatus, aliyekuwa ameketi karibu nami. "Wewe Renatus, mwanao alipanda nini siku ile? Simama useme."

"Dada, mimi niseme nini?" akanong'ona, akichora udongoni kwa kidole cha mguu.

Basi tukaondoka. Gozbert alipanda lori la ndizi, na bendera ya chama ameikunja kwapani, akatusubiri Biharamulo, kwenye uwanja jeshi lilikopokea michango. Pancras alimwongoza Bihogo kwa hatamu, hakutaka kumchosha kwa kumpanda. Mimi nilitangulia na chungu kilichovunjika mdomo, ndani yake samadi kavu inayofuka. Wazee wetu walikuwa wakihamisha ng'ombe kwenye mbung'o hivyo hivyo: mtu wa moshi mbele, upande unakotoka upepo, na mnyama ndani ya wingu. Ukitembea polepole, ukichochea mara kwa mara, unaweza kuvuka. Si dawa, ni bahati inayosaidiwa.

Lukole watu walitoka kutushangilia. Nyakahura watoto walitufuata wakiiga mlio wa farasi. Tulipoingia porini hasa, mbung'o walikuja, lakini walizunguka pembeni mwa moshi wakivuma. Bihogo alitikisa masikio akaendelea. Kwa mara ya kwanza tangu mkutano ule nilimwona kaka akitabasamu.

"Tutafika, Deodata," akasema.

Mbele kulikuwa na kamba imefungwa toka mti hadi mti, na kijana wa mgambo, Msukuma, mmoja wa wafugaji waliohamia kijiji cha Nyarubungo na mifugo yao. Baadaye alituambia anaitwa Ngeleja.

"Simama hapo hapo! Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Zima moto huo."

"Mwanangu, ni moshi wa mbung'o. Tunapeleka mchango kwa askari."

"Moshi ni alama. Ndege za huyo nduli tunayepigana naye zikiuona zitajua hapa kuna watu. Amri ni hakuna moshi barabarani."

"Na hawa wanaochoma mkaa kule?" Nilimwonyesha moshi mkubwa nyuma ya miti, mweupe, umepanda hadi mbinguni.

"Kule si barabarani."

Pancras akajaribu kwa upole. "Kijana, kwenu mnafuga?"

"Tunafuga, baba."

"Basi unajua nitakayoyakuta nikizima."

Ngeleja alijua. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Alimtazama Bihogo kuanzia masikio hadi mkia, kama mfugaji. Kisha akachukua kibuyu chake cha maji ya kunywa akamimina ndani ya chungu changu, akitazama pembeni. Samadi ilipiga kelele kidogo, ikanyamaza.

"Amri si yangu, mama," akasema, akafungua kamba.

Hatukupiga hatua nyingi. Mbung'o walimjia tumboni, chini ya mkia, shingoni. Ngozi yake ilitetemeka kama maji. Pancras alivua shati akamfunika mgongo, nikavua kitenge cha juu nikamfunga shingoni, tukavunja matawi tukampiga piga, na sisi wenyewe tukiumwa. Bihogo alirusha miguu. Alilia mlio ambao sijausikia tena.

"Turudi, kaka."

"Nyuma kuna mbung'o gani? Si hawa hawa?"

Mjini Gozbert aliiona hali tuliyokuwa nayo, damu zimekauka mikononi, akasema, "Mfuteni haraka." Akaletewa benchi, akampanda Bihogo, akakunjua bendera. Ng'ambo ya uwanja alisimama afande, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nani kaleta huyu?"

"Kijiji chetu, Afande! Ni mchango wa ushindi!"

"Malori yangu yanakunywa dizeli. Huyu nitampakia wapi? Ungeleta fahali, askari wangekula. Asanteni sana. Mrudisheni."

Gozbert akashuka bila benchi. Lori lile la ndizi lilikuwa tupu, linarudi Ngara. Nilimwomba, naapa nilimwomba kwa magoti, Bihogo apakiwe.

"Lori ni la watu," akajibu, akipanda mbele karibu na dereva. "Mtunzeni vizuri njiani. Ni mali ya kijiji."

Tukapita pori lile lile.

Ugonjwa ulichukua muda kujionyesha. Kwanza macho yalitoa machozi. Kisha tumbo likavimba kwa chini, mbavu zikatoka, majani yakawa yanakaa mdomoni hayatafunwi. Bwana mifugo alikuja akapapasa, akasema ni ugonjwa wa mbung'o, dawa ipo, lakini yote imepelekwa kwa ng'ombe wa jeshi. Pancras alihamia bandani kabisa. Asubuhi moja Bihogo hakusimama.

Gozbert aliita mkutano pale pale kando ya mzoga. "Mali ya kijiji imefia mikononi mwa Pancras. Hata hivyo, mimi si mtu wa chuki. Nyama igawanywe sawa kwa kila nyumba."

"Ni nani kwetu anayekula farasi?" aliuliza mama mmoja.

Nikaenda nyumbani nikachukua jembe, nikaliweka miguuni pa Mwenyekiti. "Wa kijiji azikwe na kijiji. Anza wewe."

Alisubiri watu wacheke. Safari hii hawakucheka. Renatus aliondoka, akarudi na jembe lake begani, lakini hakuchimba. Alisimama tu, akimtazama Gozbert. Wakaja wengine na majembe, nao wakasimama. Ikabidi Mwenyekiti ainame. Alichimba mpaka shati likamganda mgongoni, na hapo ndipo wengine wakaanza. Sikufurahi. Kuna furaha gani kumwona mtu akitoka jasho mbele ya mnyama aliyekwisha kufa?

Tulipomsogeza Bihogo ukingoni, Gozbert akajifuta uso. "Mvueni hatamu kwanza. Ni ngozi nzuri, iende stoo ya kijiji."

Pancras alikuwa amechuchumaa kichwani pa Bihogo. Tangu mkutano ule wa mchango hakuwahi kumjibu Mwenyekiti.

"Njoo uivue wewe."

Gozbert alipiga hatua moja. Akatazama majembe yaliyomzunguka, akatazama shimo, akarudi nyuma.

"Fukieni," akasema.