Kengele ya Mashine ya Gololi

Waliompa jina la Taratibu hawakumwonea. Redio ya mtu ikiletwa atengeneze, ilikaa kwake mpaka mwenyewe akanunua nyingine. Lakini mashine ya gololi ya marehemu baba yake hata kuigusa aliogopa. Zamani watu walijaa chumba cha mbele kuicheza: gololi ya chuma ikirushwa, taa zinawaka, kengele inalia kwa kila pointi. Yeye hayo aliyasikia tu. Tangu apate akili aliiona imezimwa, imefunikwa kitambaa, vikombe vya mama vimepangwa juu yake.

Baba aliziunga nyaya zile kwa mkono wake. Taratibu akiharibu, atakuwa amemuulia mama kitu pekee alichoachiwa na mumewe.

"Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta," mama alimwambia. "Wewe hata kuvukuta? Nataka kuiona ikiwaka, mwanangu. Umri umekwenda."

Basi akaifungua, roho juu juu. Akasugua kutu, akabadilisha mipira iliyokauka, akaunga nyaya zilizokatika. Akajiunguza kidole gumba kwa chuma cha kulehemu. Mama alikaa kando akimtazama, na hilo ndilo lililozidi kumtoa jasho.

Alipochomeka umeme, taa zikawaka. Mama akapiga makofi. Taratibu akarusha gololi, ikagonga, namba zikapanda. Kengele kimya.

"Nimeiua," alisema.

Akainama ndani na tochi. Kinyundo cha kengele kilikuwa kinapiga vizuri, ila kilipiga kitu laini. Akakichomoa kitu hicho kwa koleo: soksi ya mtoto mchanga, ya njano, haizidi kidole chake.

"Mama, hii ya nani?"

Mama aliipokea, akainyoosha juu ya goti.

"Ya dada yako. Hamkuonana. Alikuwa halali kwa kelele za kengele, baba yako akaiziba kwa soksi hii, watu wakawa wanacheza hivyo hivyo. Mtoto alipotutoka, nikamwambia aitoe. Hakuweza. Akaizima mashine yote."

Taratibu aliizima tochi. Alimwonea baba yake huruma, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Sasa italia, mama. Nijaribu?"

Mama alimrudishia soksi.

"Irudishe pale pale. Mwenzio amelala."

Akaikunja, akaipachika chini ya kinyundo kama alivyoikuta. Kisha akampisha mama, naye akacheza mpaka akachoka, namba zikipanda kimya kimya.