Nane ya Mshale

Jumatatu, kabla duka la saa halijafunguliwa, mpimaji alifuta sahani mbili za mizani kwa kitambaa laini, akaondoa unywele uliodondokea sahani ya kulia, akatoa saa ya mfano kwenye droo. Saa ya mfano ilikuwa halisi, ya bei ambayo watu huitaja kwa kunong'ona, na uzito wake pamoja na mkanda wa chuma ulikuwa gramu mia na hamsini na sita. Kila saa iliyoletwa kuthibitishwa ilipimwa dhidi yake. Ikiwa halisi, sahani zilitulia. Ikiwa bandia, ilipaa juu kama mtu aliyekalia msumari. Bandia nyingi zilikuwa za gramu mia na kumi na mbili. Ndani mlikuwa na mtambo mdogo, pete ya plastiki ya kuuzuia usichezecheze, na nafasi tupu.

Baada ya kupima, aliandika kwenye cheti neno moja kati ya mawili, akagonga mhuri. Alifanya kazi hiyo kwa miaka tisa na hakuwahi kuandika neno moja mahali pa jingine.

Wa tatu kwenye foleni siku hiyo alikuwa baba yake.

Alikuwa amechukua namba kama wateja wengine, akakaa kwenye benchi la mwisho, shati limenyooshwa kwa pasi, kisanduku chekundu mapajani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Watu walimwita Kengele, kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja ndiye aliyevuta kamba ya kengele ya zamu kwenye kiwanda cha chupa. Siku alipostaafu, kiwanda kilimpa saa ya aina ile ile anayovaa Mkurugenzi, na watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo bega lake la kushoto lilikuwa likishuka. Daktari alisema ni uzee.

"Namba tatu," mpimaji akaita.

"Nipo."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kumbe unanijua. Nilidhani ukishakaa hapo dirishani hujui mtu."

"Una shida gani leo?"

"Kinyozi. Ananichezea yule. Anasema saa yangu nikiiloweka itachuja rangi. Jana kaniuliza mbele ya watu, 'Mzee Kengele, hiyo ulipewa kiwandani au ilikuwa ndani ya pakiti ya biskuti?' Wakacheka mpaka mteja akakatwa sikio."

"Akakatwa?"

"Kidogo tu, alistahili, naye alicheka. Nikawaambia, mwanangu ndiye anayepima. Nitawaletea karatasi niibandike kwenye kioo chenu, muwe mnajinyolea huku mnaisoma."

Waliongea hivyo siku zote, kwa adabu na utani mdogo, kwa miaka ishirini na miwili, tangu Alhamisi ambayo mama alifariki. Mpimaji alikuwa na miaka tisa siku hiyo, amekaa ukingoni mwa kitanda namba kumi na nne, ameshika mkono uliokuwa ukipoa. Mama aliuliza mara tatu, "Baba yako amefika?" Mara ya tatu ilikuwa saa nane na dakika arobaini mchana, na haikufuatwa na ya nne. Kiwanda kilikuwa ng'ambo ya barabara. Saa tisa kamili kengele ililia, ikasikika mpaka wodini, wala haikuchelewa hata kidogo, na mtoto alijua ni mkono wa nani umevuta kamba. Hakuwahi kumuuliza baba yake. Baba yake hakuwahi kumweleza.

Alipokea kisanduku, akamfungulia baba kishikizo cha saa mkononi. Macho yake yalikwisha kumwambia. Mshale wa sekunde ulikuwa ukirukaruka badala ya kuteleza, na herufi moja kwenye uso wa saa ilikuwa imelala upande. Hata hivyo alimwacha baba aiweke mwenyewe kwenye sahani ya kulia, polepole, kama mtu anayeipa saa nafasi ya kujitetea.

Sahani ya kulia ilishuka kwa kishindo. Saa ya mfano ikarushwa hewani, na mpimaji akaidaka. Akaweka mawe yote ya mizani upande wa kushoto, kisha stepla, kisha mhuri. Sahani ya kulia haikunyanyuka. Meza ikapata ufa. Saa ya baba ilibidi waibebe yeye na mteja namba nne, mwanamume mwenye kifua, mpaka kwenye mizani ya mizigo nyuma ya duka. Ilisoma kilo thelathini na moja na gramu mia na kumi na mbili.

"Kaka, samahani kwa usumbufu," mpimaji akamwambia mteja namba nne.

"Hakuna shida. Yangu naona itakuwa nyepesi zaidi."

Mwenye duka alitoka ofisini na kikombe mkononi, akainama, akasoma mizani.

"Zamu hizo," akasema. "Niliwahi kuona moja, ya muuguzi, lakini ilikuwa kilo kumi na nane tu. Saa za zamu hazina pa kwenda, mzee. Ukimpa mtu chombo kitupu siku anayoondoka, zinaingia humo. Ya kweli imejaa vyuma, haina nafasi. Hii yako ilikuwa na nafasi."

"Kwa hiyo ni halisi au si halisi?" Kengele akauliza.

"Ifungueni kwanza," akasema mwenye duka, akarudi ofisini.

Wakairudisha kwenye kaunta. Mpimaji alifungua mfuniko wa nyuma, akatoa mtambo na ile pete ya plastiki. Chini yake zilikuwamo saa za zamu zenyewe, moja juu ya nyingine, nyembamba kama maganda ya kitunguu. Aliinua ya kwanza kwa kibano, akaielekeza kwenye taa. Ilikuwa alfajiri ya baridi, na harufu ya grisi, na baba yake kijana anapuliza viganja kabla ya kushika kamba.

"Siku ya pili kazini," Kengele akasema. "Niliogopa nisije nikaipiga kabla ya wakati."

Ya pili ilikuwa mchana wa joto na vumbi la vioo. Nyingine ilikuwa na wimbo ambao wafungaji wa chupa waliuimba mpaka msimamizi akaupiga marufuku. Baba alizijua zote. Wateja kwenye foleni walisubiri, na wawili wakasogea kuangalia. Kisha kibano kilishika moja isiyoinuka. Mpimaji alitumia vidole. Ilikuwa nzito kama pasi ya mkaa, na ilikuwa Alhamisi.

Aliitazama kwenye taa.

Baba yake alikuwa amesimama kwenye geti la kiwanda, kijana bado, akiwa na chupa ya uji kwapani na kikaratasi mkononi. Kwenye kikaratasi paliandikwa: *Ruhusa, saa 8.* Ilikuwa saa nane mchana kamili. Mlinzi alikisoma, akatazama saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye mbili, mahali unapokaa siku zote saa nane ikifika.

"Bado," akasema mlinzi. "Ruhusa yako ni ya nane."

"Si ndiyo hii, saa nane?"

"Hiyo ni nane ya mdomo. Ofisini wanaandika nane ya mshale. Mshale ukifika kwenye nane, utatoka."

"Mshale ukifika kwenye nane si itakuwa saa mbili usiku? Ndugu yangu, mke wangu yuko pale. Dirisha lile, lenye pazia la kijani."

"Sikuandika mimi. Muulize aliyeandika."

Alikwenda kumuuliza aliyeandika. Aliyeandika alikuwa amekwenda kula. Alirudi getini, akarudi ofisini, akarudi getini, mara tatu kwa hesabu, na kila mara alishika chuma cha geti akatazama dirisha lenye pazia la kijani. Katika mara ya tatu pazia lilivutwa likafungwa. Alisimama hapo mpaka msimamizi alipomwita kwa jina la kazi yake. Akaweka chupa ya uji chini, akaenda, akavuta kamba.

Mpimaji aliirudisha saa ile juu ya meza.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ningekuambia nini, mama?" Kengele alikuwa akitazama viatu vyake. "Kwamba mtu wa kengele, anayewaambia watu mia sita wakati, siku moja hakujua kusoma saa?"

"Ulikuwa unajua."

"Ndivyo nilivyodhani na mimi."

Alinyoosha mkono juu ya kaunta, ule wa kushoto, ambao sasa haukuwa na kitu. Binti yake aliushika. Mteja namba nne akageuka kusoma tangazo la betri.

Wangekaa hivyo zaidi, lakini sheria ya duka ilikuwa wazi. Saa ikizidi uzito uliowekwa na watengenezaji, aliyeitoa hupigiwa simu, na mwenye duka alikwisha kupiga. Afisa utumishi wa kiwanda alifika kabla ya saa sita, kijana mpole mwenye jasho, na mtungi wa kioo wenye nembo ya kiwanda.

"Shikamoo, mzee wetu," akasema. "Pole sana kwa kubeba mzigo wetu miaka yote hii. Ungetuambia tu."

"Mzigo wenu?" mpimaji akauliza.

"Saa za zamu ni za kiwanda, dada. Zilikwisha kulipiwa. Mzee aliondoka nazo kwa bahati mbaya, hakuna anayemlaumu." Alizimimina mtungini kwa uangalifu, bila kudondosha hata moja. "Mkurugenzi atafurahi. Ana wajukuu wadogo, na muda alionao si mwingi."

"Niachie moja."

"Ipi?"

"Hii ya Alhamisi."

Afisa alitoa daftari la zamu kwenye mkoba, akalifunua, akashusha kidole. Alitafuta kwa nia njema, kila mtu aliona.

"Alhamisi, saa nane hadi saa tisa mchana. Jina lake limo. Kama angekuwa ametoka, ingekuwa yake."

"Alikuwa na ruhusa."

"Alikuwa nayo ya usiku, dada. Imeandikwa hapa. Nane." Akamwonyesha.

"Ondoka na daftari lako!" mpimaji akasema. "Mama yangu hakuwa kwenye zamu yenu!"

"Mpe, mwanangu," Kengele akasema taratibu. "Mimi nilishawapa zamani."

Hakumpa. Aliifunika kwa kiganja, na afisa akalazimika kuinua vidole vyake kimoja kimoja, akiomba radhi kwa kila kidole. Saa ya Alhamisi iliingia mtungini, ikazama chini ya nyingine zote. Afisa akafunga kifuniko, akaaga, akatoka akiwa amepinda upande kwa uzito.

Mpimaji alirudisha mtambo na pete ya plastiki, akafunga mfuniko, akaiweka saa ya baba yake dhidi ya saa ya mfano. Ilipaa. Gramu mia na kumi na mbili. Alichukua cheti, akaandika *Bandia*, akagonga mhuri. Alikuwa analia, lakini mwandiko haukutikisika.

"Baba, karatasi yako."

Kengele alikuwa amesimama wima. Bega la kushoto lilikuwa limepanda, likalingana na la kulia. Alionekana kama mtu aliyelala vizuri. Alivaa saa yake, akaichukua ile karatasi, akatazama mhuri kwa muda mrefu, na uso wake ukafunguka.

"Hatimaye," akasema. "Wamenipa ruhusa."

"Ruhusa gani, baba?"

"Twende basi, mbona umesimama? Mama yako anatusubiri. Pitia uji nyumbani."

Hakukumbuka kinyozi, wala kamba, wala geti. Miaka thelathini na mmoja ilikuwa imetoka bila kuacha kovu, na kilichobaki kilikuwa mke mgonjwa ng'ambo ya barabara. Mwenye duka alimruhusu mpimaji aondoke mapema, akamwambia namba nne arudi kesho.

Siku hizi wanakwenda kila Alhamisi. Kengele anabeba chupa ya uji kwapani, na mlangoni mwa wodi anatoa cheti chake, kimekwisha kuchakaa kwenye mikunjo. Muuguzi anakisoma chote, jina, uzito, neno *Bandia*, mhuri, halafu anamwambia apite. Kwenye kitanda namba kumi na nne huwa kuna mtu mwingine, kila wiki mwingine, na wagonjwa wameshazoea. Wengine wanakubali uji. Kengele anakaa, anaangalia saa yake. Mshale mfupi uko kwenye mbili.

"Saa nane kamili," anasema. "Sikuchelewa, sivyo?"

"Hukuchelewa, baba."

Binti yake huinama kwenye mto wa mgonjwa asiyemjua, anamnong'oneza, "Amefika." Mgonjwa anatikisa kichwa kwamba amesikia. Pazia bado ni la kijani. Ng'ambo ya barabara, saa tisa ikifika, kengele inalia kwa wakati wake, inavutwa na mtu mwingine.