Mheshimiwa Katika Nyumba ya Waamia Ndege

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Didas Ngolo, mwanafunzi wa kidato cha tatu, hakuwa na nia mbaya na ndege yule. Watu wote wanaofanya mambo ya hovyo bwenini husema hivyo, lakini kwa Didas ilikuwa kweli. Alichotaka ni muujiza mdogo tu, wa Jumamosi asubuhi, wakati wa ukaguzi.

Ndege mwenyewe alikuwa kasuku mdogo, hamzidi shomoro kwa umbo, kijani tumboni na njano kichwani. Alikuwa wa Matron Blandina, wa shule ya bweni ya wavulana nje kidogo ya mji wa Iringa, na jina lake lilikuwa Mheshimiwa. Matron alipogawa dawa, Mheshimiwa alikaa begani kwake akimnong'oneza sikioni, na wagonjwa waliamini kwamba hapo ndipo dozi inapoamuliwa. Didas alimtoa tunduni, akamweka ndani ya tranka la Saulo, kapteni wa bweni, ili mwalimu wa zamu atakapoamuru "Fungua!", badala ya shuka zilizokunjwa atoke kiongozi mwenye mabawa. Alikadiria dakika tano.

Zikawa arobaini. Ukaguzi siku hiyo ulianzia bweni la mwisho, na mwalimu wa zamu alikuwa na tabia ya kugonga kila tranka la bati kwa fimbo, mara tatu, kabla halijafunguliwa. Mheshimiwa alipochomoka bweni zima lilicheka. Didas hakucheka. Alimwona akijigonga dirishani, akianguka, akiinuka, akijigonga tena, mdomo wazi.

Tangu siku hiyo Mheshimiwa aliogopa mkono. Mkono wowote, hata wa Matron.

Siku ya kufunga shule kwa likizo ya Juni, Matron alimwita Didas zahanati. Tundu lilikuwa mezani, limefunikwa kanga.

"Unaenda naye kwenu."

"Mimi, Matron?"

"Kuna Didas mwingine hapa?"

"Hapana, Matron."

"Julai mwishoni nastaafu. Narudi Igowole kwenye nyumba yangu, na nitakayekaa naye ni huyu peke yake. Sasa nikimwekea maji anatetemeka kama nimekuja kumchinja." Akalisukuma tundu kuelekea kwake. "Una wiki nne. Maelekezo yapo kwenye kadi."

Hakuuliza nani alifanya. Hakumtaja mtu. Kadi ilikuwa kadi ya kawaida ya zahanati, na nyuma yake Matron alikuwa ameandika: *Usimkamate. Ingiza mkono, tulia. Ulezi kiganjani. Akija, ameamua mwenyewe.*

Didas alijua vizuri kwamba jina lake lingeweza kufika kwa mkuu wa shule, na kwamba angekuwa anaenda nyumbani na barua, si na ndege. Alikumbuka pia kidato cha kwanza, malaria ilipomwangusha, jinsi mama yule alivyomlisha uji kwa kijiko siku tatu bila kumkumbusha hata mara moja kwamba wiki iliyotangulia alikuwa amepaka kitasa cha zahanati mafuta ya kupikia. Zipo shukrani zinazobana kama kiatu kipya. Didas alisafiri nazo hizo, kupitia Makambako mpaka Rujewa, tundu likiwa mapajani.

Kwao Rujewa alilelewa na babu na bibi. Babu Ngolo alikuja bonde la Usangu, palipo Rujewa, kutoka Usukumani akiwa kijana, nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Ng'ombe wakapungua, mpunga ukaongezeka, na mzee akawa mkulima. Asiyelima mpunga huenda hajui maana yake. Punje zikianza kujaa maziwa, kwelea kwelea, ndege wadogo wala nafaka, hushuka kama wingu lenye njaa, na kuanzia hapo mpaka mavuno familia nzima hushinda shambani kuamia ndege. Kazi ni kupiga kelele, kugonga madebe na kurusha udongo kwa kombeo, tangu jua halijachomoza mpaka limezama. Babu Ngolo alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka arobaini. Didas aliianza akiwa na miaka mitano.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Bebe, wewe Didas! Umeniletea adui mpaka sebuleni, tena na nyumba yake?"

"Huyu si kwelea, Babu."

"Mdomo huo umeuangalia? Huo ni mdomo wa kula mpunga."

"Mwache mume wangu," alisema Bibi Esta, akimpokea mjukuu wake begi. "Wenzake wanaleta vyeti, yeye kaleta mke mwenza wa manyoya. Karibu, bibi mdogo."

"Ni dume, Bibi."

"Afadhali. Ningeanza kusuka nywele."

Didas alianza kazi kesho yake. Watu hudhani mtundu ni mtu asiyeweza kutulia. Ukweli ni kwamba mtundu wa kiwango cha juu hutulia kuliko padre. Didas aliwahi kukaa ndani ya kabati la maktaba saa moja na nusu akisubiri kupiga chafya kwa wakati unaofaa. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, na kila jioni baada ya kurudi, aliingiza mkono tunduni, ulezi kiganjani, akawa kama gogo. Mheshimiwa alijibana kwenye pembe ya mbali, manyoya yamelala, kifua kikipanda na kushuka.

Siku ya tano alisogea upana wa kidole. Siku ya nane akasogea tena. Siku ya tisa, asubuhi, alishuka kwenye kijiti chake, akakanyaga ukingo wa kiganja kwa mguu mmoja, akainamisha kichwa kwenye ulezi.

"HAAAA! Swaaaa!"

Na makofi mawili, mazito, ya kutoka mlangoni.

Mheshimiwa alilipuka. Manyoya matatu yalibaki yakielea ndani ya tundu. Didas aligeuka. Babu Ngolo alikuwa amesimama kizingitini, viganja bado vimekutana, akijishangaa kama mtu aliyecheka msibani.

"Babu!"

"Si mimi."

"Ni nani, sasa?"

Mzee alitazama viganja vyake, cha kulia, kisha cha kushoto. "Ni mikono," alisema.

Bibi Esta alimsema mpaka chai ikapoa. Siku mbili baadaye, Mheshimiwa alipoinama kwenye kikombe chake cha nafaka, Bibi aliyekuwa akipita na sufuria alikung'uta kanga na kupiga mluzi mkali wa meno, ule wa shambani, akaendelea na safari ya jikoni bila kujua kama kuna alilofanya.

"Ni mikono," alisema Babu kwa furaha isiyofichika.

Yote hayo Didas angeyasamehe. Jioni ile ile aliingiza mkono, akatulia. Mheshimiwa akasogea, akasogea, akainama, na ulimi wa Didas mwenyewe, bila kumwomba ruhusa, ukasema, "Swaa!"

Alikaa akitazama tundu. Ndipo akaanza kuchunguza, na alichokiona kilimtisha. Katika nyumba ile hakuna ndege aliyeweza kuinamia punje akaachwa. Babu alikohoa kikohozi cha shambani. Bibi aligonga kifuniko. Yeye alipiga mguu chini. Kila Mheshimiwa alipotaka kula, mtu alimfukuza, na mtu huyo hakujua kwamba amefukuza. Tangu afike Rujewa ndege alikuwa akila kwa kuiba, nyumba ikiwa tupu, na hata hapo alidonoa mara mbili tatu tu akisikilizia mlango. Mfupa wa kifua ulikuwa umeanza kuchomoza. Zilibaki wiki mbili.

"Mwanaume unalia kwa ajili ya ndege?" aliuliza Babu.

"Silii."

"Basi ni pumba za mashine zimeingia machoni."

Didas akasema yote. Tranka, fimbo, dakika arobaini, dirisha, na Matron ambaye hakuuliza nani. Hakuwahi kumwambia mtu. Babu alisikiliza mpaka mwisho bila kikohozi chochote.

"Huyo mama alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Na hakukupeleka kwa mkubwa?"

"Hakunipeleka."

Mzee alimtazama mkewe. "Esta, huyo mama ni wetu. Haiwezekani aishi Igowole na ndege mgonjwa kwa sababu ya makelele yetu." Kisha kwa Didas: "Sema tufanye nini. Wewe ndiye msomi."

Elimu ya bweni, pamoja na kasoro zake zote, humpa mtu mbinu. Shuleni kwao, wapiga kelele wa darasani jioni walikuwa na adhabu moja: kujaza maji mdomoni na kukaa nayo mpaka kengele. Ulimi wenye maji haufanyi chochote. Didas akatangaza sheria za nyumba kwa sauti ya mkuu wa shule. Mheshimiwa atakula mara mbili kwa siku, watu wote wakiwapo, ili azoee. Kila mtu atakuwa na maji mdomoni. Kila mtu atakalia mikono yake.

"Hata mimi?" aliuliza Babu. "Mwenye nyumba?"

"Hasa wewe, Babu."

Siku ya kwanza Bibi Esta alimwona mumewe amevimba mashavu kama chura, akacheka kwa pua, na maji yote yakaishia kwenye kitambaa cha meza. Siku ya pili alivumilia. Siku ya tatu Mheshimiwa alikula kwenye kikombe chake punje kumi na saba, na watu watatu wazima walizihesabu kwa macho bila kupumua. Mikono ilitaka kuchomoka. Didas aliiona ikitikisika chini ya mapaja ya babu yake kama kuku ndani ya gunia.

Siku ya sita Didas aliona kosa lake mwenyewe: alikuwa ameacha ulezi upande wa Babu. Kabla hajausogeza, mzee alichomoa mkono mmoja kutoka chini ya paja, taratibu, akaokota punje chache, akauingiza mkono tunduni. Mkono ule ulikuwa mkubwa, mweusi, una sugu ya kamba ya kombeo kati ya vidole. Didas alitaka kumzuia, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa.

Mheshimiwa aliutazama kwa jicho moja. Akageuza kichwa, akautazama kwa jingine. Kisha akashuka, akakanyaga kiganja kwa miguu yote miwili, akala. Alikula polepole, akimenya kila punje na kuacha maganda, kama mtu aliyefika kwao.

Babu Ngolo hakutikisika. Maji yalianza kumtoka pembeni mwa mdomo, yakashuka kidevuni, na mengine yalitoka juu zaidi, ila hayo hakuna aliyeyataja. Ndege aliposhiba na kurudi kijitini, mzee alimeza.

"Miaka arobaini," alisema. "Maelfu nimewaona. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunijia mwenyewe." Akamgeukia Didas. "Asante, mjukuu wangu."

Didas alimeza maji yake, akaanza kukusanya maganda.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Mheshimiwa alikula kwenye kiganja cha Didas, kisha cha Bibi, kisha akaanza kupanda kidole bila kuahidiwa chochote. Maji yaliachwa. Alfajiri ya safari Babu aliamka mapema kuliko wote, akasimama mbele ya tundu, akavua kofia, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Mheshimiwa," kwa heshima kamili.

Didas alifika shuleni Jumapili mchana akaenda moja kwa moja zahanati. Matron Blandina alikuwa akipanga sanduku la dawa. Aliliona tundu na mikono yake ikasimama.

"Ameshakula?"

"Bado, Matron. Nimekuachia wewe."

Alipokea ulezi, akafungua mlango, akaingiza mkono. Ndege na mtu waliogopana. Mheshimiwa alimtazama. Dakika ikapita, na nyingine. Kisha mguu mmoja, halafu wa pili, halafu kichwa kikainama.

Matron alishusha pumzi ndefu. "Nimshukuru nani?"

"Babu yangu, Matron. Na Bibi. Na wewe."

"Mimi kwa lipi?"

"Kwa kutonisemea."

"Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe," alisema Matron, bila kuondoa macho kwenye kiganja chake. "Haya, nakusikiliza. Usiharakishe, anakula."

Didas akavuta kiti. Alisimulia kuanzia tranka la Saulo, hakuruka kitu, hata mafuta ya kitasani, na Matron alisimama pale akisikiliza mpaka ulezi ukaisha. Kengele ya chakula ililia, ikapita. Ilikuwa siku ya wali na nyama, inayokuja mara moja kwa wiki. Didas aliukosa, na hakuna aliyemsikia akilalamika.