Kamati Iliyomaliza Kazi

Kila Jumatatu asubuhi mwalimu wa takwimu, ambaye wanafunzi walimwita Mama Wastani na yeye hakukasirika, alisalimu darasa lake mara mbili. Kwanza aliwasalimu waliokaa ndani, wamebanana kwenye mabenchi bega kwa bega. Kisha aligeukia upande wa uani akawasalimu waliosimama nje, viwiko vyao juu ya madirisha na madaftari yamefunguliwa hapo hapo kwenye vizingiti. Waliokaa walifaulu. Waliosimama, wengi wao, walifeli, na kwa sheria za chuo aliyefeli somo lile mara mbili alifungasha virago akarudi kwao. Kuliona hilo hakukuhitaji mtaalamu wa takwimu.

Kwenye dirisha la karibu na ubao alisimama binti wa dada yake. Alikuwa amekwisha kufeli mara moja. Kila asubuhi alifungua kibanda cha ushonaji cha mama yake kabla ya kuja chuoni, na alipofika mabenchi yalikuwa yamejaa zamani. Siku moja Mama Wastani alimwekea nafasi kwa mkoba wake. Binti aliingia, akauchukua mkoba, akauweka juu ya meza ya mwalimu na kurudi zake nje.

"Mama mdogo, ukiniwekea kiti watu watazisema alama zangu," alimwambia baadaye. "Niache pale pale. Pale nasikia."

"Unasikia nusu, mwanangu."

"Basi hiyo nusu ndiyo nitaisoma vizuri."

Chuo chenyewe hakikuwa na uhaba wa vyumba. Jengo la utawala, ng'ambo ya ua, lilikuwa navyo tele, na kila Seneti ilipounda kamati mpya jengo liliongeza kimoja. Hapakuwa na fundi wala mfuko wa saruji. Mwenyekiti wa Seneti akishauliza kama kuna pingamizi, na ukimya ukishapita, ukuta wa mwisho wa korido ulijinyoosha kidogo, ukakohoa vumbi na kutoa mlango. Nyuma ya mlango kulikuwa na meza ndefu, viti vya mito, mapazia, na birika la umeme ambalo maji yake yalikuwa tayari ya moto. Msimamizi wa majengo alikwenda kuchongesha ufunguo, akapigilia kibao. Kulikuwa na chumba cha Kamati ya Mavazi, cha Kamati ya Maegesho, cha Kamati Ndogo ya Maegesho, na kimoja cha pembeni ambacho hakuna aliyekumbuka kamati yake ilihusu nini, ingawa wajumbe wake walikutana bila kukosa.

Chumba kilikuwa mali ya kamati hadi kamati imalize kazi. Miaka ya nyuma kamati moja iliwahi kumaliza, kwa uzembe tu, maana mwenyekiti wake alikuwa anastaafu na alitaka kuondoka hana deni. Kesho yake chumba hakikuwepo, na koti la profesa mmoja lililokuwa limetundikwa humo likaenda nacho. Profesa huyo aliitwa Mzee wa Utaratibu, kwa sababu hakuna kikao alichohudhuria bila kutoa hoja ya utaratibu, na hakuna kikao alichomaliza bila kulitaja koti lake. Tangu hapo kamati zote zilijifunza adabu. Zilikutana, zilijadili, ziliahirisha, na vyumba vikabaki salama.

Mama Wastani alipeleka hoja yake Seneti mwanzoni mwa muhula. Aliomba vyumba vya kamati vitumike kufundishia asubuhi, maana kamati zenyewe hazikutani mpaka baada ya chakula cha mchana. Alisema kwa ufupi, akakaa. Wajumbe walimpigia meza. Makamu Mkuu wa Chuo, aliyeongoza vikao kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale, alisema hoja hiyo ilikuwa nzito mno kuamuliwa kwa pupa. Akapendekeza iundwe Kamati ya Matumizi Bora ya Nafasi, na uenyekiti apewe mtoa hoja mwenyewe, kama heshima.

"Hakuna pingamizi?" aliuliza.

Mama Wastani alikuwa bado anatafuta maneno ya kukataa kwa adabu, na ukimya ukawa umekwisha kuhesabiwa. Nje kwenye korido, ukuta ulikohoa.

Korido ilikuwa imeishiwa kiwanja upande ule, kwa hiyo chumba kipya kilitokeza uani. Kilijaza nafasi yote iliyokuwepo kati ya jengo la utawala na ukumbi wa mihadhara alimofundishia Mama Wastani, kikaegemea ukumbi barabara, na madirisha ya ukumbi yakawa yanatazama ukuta wenye rangi mbichi. Jumatatu iliyofuata wanafunzi wa nje walilizunguka jengo, wakakosa pa kusimama, wakaenda zao. Alibaki binti wa dada yake peke yake, ametega sikio kwenye matofali.

"Ulikuwa unasikia?" Mama Wastani alimwuliza baada ya kipindi.

"Nilikuwa nasikia mtu anaongea," binti alijibu. "Siwezi kuapa kwamba ni wewe."

Mtihani wake wa mwisho ulikuwa mwishoni mwa muhula huo huo. Mama Wastani hakulala vizuri wiki ile, na alikuwa mtu wa kulala vizuri.

Jumatatu ya pili aliwakusanya wanafunzi wa nje, akawaongoza hadi mlangoni pa chumba chake cha kamati. Ndani viti vya mito vilikuwa vimepangwa vinasubiri. Msimamizi wa majengo alikuwa amesimama hapo na ufunguo, amejaa aibu.

"Mwalimu, mimi ningewafungulia hata sasa hivi," alisema. "Lakini chumba cha kamati ni cha wajumbe."

"Mwenyekiti wa kamati ni mimi."

"Ndiyo, na wewe karibu sana, pita. Hawa wenzako, je, wameteuliwa?"

Hawakuwa wameteuliwa. Walitoka nje tena, na Mama Wastani akaenda kuwafundisha walioko ndani.

Kamati yenyewe ilikipenda chumba chake kupita kiasi. Mzee wa Utaratibu, aliyeteuliwa mjumbe, alichagua kiti cha karibu na birika, akakizoea kama kiti cha sebuleni kwake. Katibu wa kamati, kijana mwenye mwandiko mzuri na moyo wa subira, aliandika muhtasari wa kila kikao, na kila kikao kilitumika kuusahihisha muhtasari wa kikao kilichopita. Mjumbe mmoja alipendekeza iundwe kamati ndogo. Mama Wastani alipinga kwa ukali ambao haukutarajiwa kwake, jicho lake likiwa kwenye ukuta wa upande wa maktaba, ambako chumba kingine kingeweza kuota.

Alipoomba wafikie uamuzi juu ya vyumba, walimtazama kwa huruma.

"Mwenyekiti, una haraka ya nini?" Mzee wa Utaratibu alimwuliza. "Tukiamua, tumemaliza. Tukimaliza, tutakutania wapi?"

Hapo Mama Wastani alielewa kwamba vyumba hatavipata. Alirudi nyumbani akipiga hesabu za mtu aliyeshindwa. Mwanzoni alikuwa anataka viti kwa ajili ya watoto wote wale. Sasa alitaka ukuta uondoke tu, ili binti wa dada yake apate pa kusimama. Ilimwuma kuona ombi lake limepungua hivyo, lakini mtihani ulikuwa unakuja na hakuwa na nafasi ya kuchagua.

Kikao kilichofuata alikuja na keki aliyoioka mwenyewe. Hakuwa mpishi mbaya, ila siku hiyo alikuwa ameipunguzia maziwa kwa makusudi, ikatoka kavu, ya kutafunwa kwa muda mrefu. Aliwakatia wajumbe vipande vikubwa, na wajumbe, ambao siku hiyo walikuwa wamekosa chakula cha mchana, waliviingiza mdomoni vyote kwa pamoja. Mama Wastani alisubiri hadi mashavu ya mwisho yalipojaa. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba anapendekeza kamati itamke kuwa imemaliza kazi yake na taarifa iende Seneti.

"Hakuna pingamizi?"

Mzee wa Utaratibu aliinua mkono. Akauinua na wa pili. Kwa bahati mbaya ni yeye aliyeandika kanuni, enzi za ugomvi wake na wawakilishi wa wanafunzi, kwamba pingamizi ni la mdomo, wala si la mkono. Alitafuna kwa kasi ambayo haikuwa nzuri kwa umri wake. Katibu alitazama huku na huku, akasikiliza, akaandika: limepita.

Chumba hakikuwa na pupa. Yalitangulia mapazia, zikafuata kuta moja baada ya nyingine, halafu birika, halafu meza, na mwisho viti, kwa hiyo wajumbe walijikuta wamekaa kwenye majani ya uani na vikombe mkononi. Mzee wa Utaratibu alijipapasa mabega. Safari hii koti alikuwa amelivaa.

"Hoja ya utaratibu," alisema alipokwisha kumeza. "Kikao hakifungwi kabla ya chai."

"Chai imeondoka, Profesa," alisema katibu, na hilo pia akaliandika.

Seneti iliipokea taarifa kwa kuipigia meza muda mrefu kuliko kawaida. Makamu Mkuu alisema hajawahi kuona kamati iliyofanya kazi kwa bidii namna hiyo, na kwamba taarifa ya uzito ule haiwezi kupitishwa juu juu. Iliundwa kamati ya kuipitia. Kwa kuwa chumba cha uani kilikuwa kimeleta maneno, cha kamati hii kiliota juu ya paa, na msimamizi wa majengo akaenda kutafuta ngazi.

Jumatatu Mama Wastani alifika mapema. Mabenchi yalijaa, kisha madirisha yakaanza kujaa. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, na waliosimama nje walikuwa wamejifunika vichwa kwa mifuko na kanga, madaftari wameyasukuma ndani kidogo yasilowe. Binti wa dada yake alikuja akikimbia, nyuzi za cherehani bado zimemganda kwenye sketi, akajipenyeza hadi kwenye dirisha la karibu na ubao na kuweka viwiko vyake.

"Mama mdogo," alisema kwa sauti ya chini, uso umelowa na anatabasamu, "asante kwa kunirudishia dirisha."

Mama Wastani alifurahi. Ilikuwa furaha ya kweli, ikamjaa kifua kizima, na alikuwa amekwisha kugeukia ubao, chaki mkononi, ndipo alipoona ni kitu gani anachokifurahia: mtoto kupata tena pa kusimama mvuani. Halafu akaandika kichwa cha somo kwa herufi kubwa, wa nje nao waweze kusoma, akaanza kufundisha kwa sauti ya juu, maana mvua ilikuwa inaongezeka.